Ofisi ya vioo vya magari kuishi kwa bima tu?

Kaka, umeuliza kama ofisi ya vioo hapo Nyakato inaweza kujiendesha kwa kazi za bima peke yake. Kwa Mwanza hii, sidhani. Daladala na gari nyingi za watu zina bima ndogo, ile ya lazima, nayo inalipa hasara uliyomsababishia mwenzako. Kokoto la lori likikupasulia kioo, ni mfuko wako. Wanaolipiwa ni wenye bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako mwenyewe: gari za mashirika, za mkopo wa benki, na hata hao kioo mara nyingi kina kikomo kwenye mkataba. Florida kule Marekani sheria inazuia mwenye bima kubwa kukatwa mchango wake, yaani ile sehemu ya gharama ambayo mteja hulipa mwenyewe, kwenye kioo cha mbele, ndiyo maana mafundi wao wanaikimbilia bima. Huku unapeleka proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, kwa kampuni ya bima, mkaguzi anakuja kupiga picha, unanunua kioo kwa hela yako, halafu hundi inakuja inapojisikia. Mwenye duka la vioo hakusubirii! Anza na vioo vya pembeni na madirisha ya Hiace, keshi mkononi. Za bima chukua chache, na usibandue kioo cha zamani kabla kampuni ya bima haijakupa oda ya maandishi.