Picha za mandhari: orijino, kopi na waongo wa katikati

Maswali yamerundikana, kwa hiyo leo ni mfululizo. Kabla ya yote: ukinitumia picha uliyoipiga usiku kwa simu, taa imejaa kwenye kioo cha fremu, halafu ukauliza "hii bei gani?", hutajibiwa. Nimeshasema na nitasema tena. Nataka kuona mbele, nyuma na ubavuni, nataka vipimo kwa sentimita, na nataka kujua uliipata wapi. Bila hayo unanitaka nipige ramli.

*Mwalimu, shikamoo. Nimeuziwa mchongo wa msafara ukitoka Bagamoyo, fremu nzuri. Muuzaji anasema ni "halisi wa 1872" kutoka kitabu cha Stanley. Nitajuaje kama sijapigwa? – Kaole*

Marahaba. Kitabu cha Stanley cha safari ya kumtafuta Livingstone kilitoka London mwaka 1872, na kimejaa michongo, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vilivyochongwa. Mpaka hapo muuzaji hajadanganya. Sasa azima kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa, uangalie sehemu za kijivu: anga, au kivuli chini ya mti. Ukikuta mistari mitupu, mingine minene mingine myembamba, yote nyeusi, endelea kuwa na matumaini. Ukikuta vinukta vilivyojipanga safu kwa safu, umenunua nakala ya mashine. Uchapaji wa vinukta ulianza kuenea miaka ya 1880, hauwezi kuwamo kwenye kitabu cha 1872. Na vikiwa vinukta vya rangi rangi, karatasi nyeupe pe, hiyo imetoka mtamboni juzi.

Mistari peke yake haitoshi, maana nayo inanakilika. Itoe kwenye fremu. Ukurasa wa kitabu cha zamani huwa umegeuka rangi pembezoni zaidi ya katikati, na upande mmoja una alama ya kuchanwa au kukatwa ulipokuwa umeshonwa. Muuzaji akikukataza kufungua fremu, jibu umeshalipata.

Watu hawajui kazi hizi zilivyofanyika, ndiyo maana wanaziamini kupita kiasi. Msafiri alichora kwa penseli, pengine harakaharaka. Mchoro ukafika London, mchoraji mwingine akausafisha na kuuhamishia kwenye kibao cha mti mgumu, tena uliokatwa kwa kukingamisha shina. Mti wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo picha kubwa ilihitaji vibao kadhaa vilivyounganishwa, na kazi ikiwa ya haraka kila kipande kilipewa fundi wake. Baadaye vibao vikatolewa nakala za shaba, na mara nyingi hizo ndizo zilizopigwa chapa. Basi hata hicho unachokiita halisi ni nakala ya nakala. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wanaotumia michongo hiyo kama ushahidi, wanahesabu milango na madirisha ya nyumba za Bagamoyo kana kwamba fundi wa London aliwahi kukanyaga Dunda.

Na wale wanaochana vitabu vya zamani ili wauze ukurasa mmoja mmoja kwa watalii: mnaua kitabu kizima mpate kupamba kuta za hoteli. Acheni.

*Nilinunua picha ya kuchora, "Machweo, Ufukwe wa Bagamoyo", kwa ajili ya sebule. Mgeni wangu kaicheka, nami nikaona haya kumuuliza. Kuna nini? – Nianjema*

Dada, nawe ni mwenyeji wa hapa! Bahari yetu iko mashariki. Jua linachomoza upande wa Unguja na linazama nyuma ya mji, kwenye mashamba. Mchoraji amenakili picha ya pwani nyingine, labda ya Unguja mjini, ambako kweli jua huzama baharini kuelekea huku kwetu, kisha akabandika jina la Bagamoyo. Iite macheo, itundike, yaishe.

*Nani alikuwa mchoraji wa kwanza wa mandhari duniani? Naomba jibu fupi, ni kazi ya shule. – Mapinga*

Hayupo. Andika hivyohivyo.

Kama lazima utaje majina, anzia China. Guo Xi aliandika mwaka 1072 kwenye picha yake ya milima mwanzoni mwa majira ya machipuko, na picha hiyo ipo Taipei hadi leo. Ulaya wakati huo mlima ulikuwa pambo nyuma ya mtakatifu. Huko, Albrecht Altdorfer wa Regensburg, Ujerumani, ni miongoni mwa wa mwanzo kuchora miti na milima bila mtu hata mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1500. Jambo ambalo vitabu vya shule vinaliruka ni kwamba Altdorfer alizichonga mandhari hizo kwenye bamba la chuma na kuzichapa pia, zikasambaa. Karne iliyofuata Waholanzi wakaigeuza mandhari kuwa biashara ya sebuleni. Paris hawakuifurahia: katika miaka ya 1660 Félibien, mwandishi wa mambo ya sanaa, aliipanga mandhari chini kabisa karibu na maua na matunda, na juu akaweka picha za historia. Msemo wa "hiyo mandhari tu" unaousikia kwa wajuaji una umri huo.

*Lile wimbi kubwa la Mjapani, orijino yake iko jumba gani la makumbusho? – Magomeni*

Majumba mengi, na zote ni orijino. Hokusai alichora, mchongaji akachonga vibao, mpigaji chapa akachapa kwa mkono karatasi moja baada ya nyingine, kuanzia karibu mwaka 1831. Mfululizo huo unaitwa wa mitazamo 36 ya mlima Fuji, ingawa ukihesabu utakuta picha 46, kwa sababu ziliuzika wakaongeza. Hapakuwa na picha moja ya rangi ambayo nyingine zimeiiga. Tofauti ni kwamba vibao huchakaa: chapa za mwanzo zina mistari mikali, za mwisho mistari imekatika. Lililo kwenye kikombe chako si orijino, kwa taarifa yako.

*Mimi ni mchoraji, natembeza kazi ufukweni. Wateja wanataka Kilimanjaro na tembo. Kuna mwenzangu analalamika kwamba namuiga. Je, huo ni wizi? – Dunda*

Inategemea unaiga nini. Mlima ni wa wote, tembo ni wa wote. Mpangilio wa mwenzako, mti wake uliopinda vile, wingu lake lile, hivyo ni vyake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na anayechorea ufukweni hajaachwa nje. Mwenzako akienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ushahidi mkononi, utakuwa na maelezo ya kutoa.

Shida ni kwamba ushahidi hana, na nahisi hata wewe huna. Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma, alikumbwa na balaa hilihili miaka ya 1630. Mandhari zake zilipopendwa, waigaji wakajaa sokoni. Akaanzisha daftari: kila picha inapotoka anaichora tena daftarini kwa kalamu na wino, na nyuma anaandika imekwenda kwa nani. Alifikisha michoro karibu 200, nayo iko British Museum, inaitwa Kitabu cha Ukweli. Kisha nini? Mwaka 1777 Richard Earlom alikichonga chote kwenye shaba, kikauzwa London, na wachoraji wakakinunua ili waigie humo! Turner, mchoraji wa mandhari wa Uingereza, naye akatamani cha kwake. Alianza kuchapisha mwaka 1807, akikusudia picha 100, akaishia 71 mwaka 1819. Wewe huhitaji kuchonga shaba. Piga picha kila kazi kabla haijaondoka, mbele na nyuma, uandike tarehe, ukubwa na mnunuzi. Daftari la shule linatosha.

Na kwa kuwa umeutaja mlima, niambie: mnachora mlima gani? Vibanda vyote naona Kibo imefunikwa barafu mpaka mabegani. Hiyo ni Kibo ya akina Ernst Platz, mchoraji aliyepanda huko na Hans Meyer, mpanda milima Mjerumani, mwaka 1898, ambaye picha zake zilichapwa kitabuni. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Ila kwenye hadibodi zenu haijayeyuka hata tone, kwa sababu hakuna anayeuangalia mlima, kila mtu anaangalia meza ya jirani. Ukipata nauli nenda Moshi, subiri mawingu yafunguke alfajiri, uchore kilichobaki. Mteja ataiona tofauti, na mwenzako hatakuwa na la kulalamikia.

Onyo la ziada, hukuniuliza lakini nakupa: sahihi ya E. S. Tingatinga isikuponyoke mkononi hata kwa mzaha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora karibu mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Alichorea hadibodi kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli, mara nyingi mnyama au ndege kwenye usuli wa rangi moja. Miaka minne haiwezi kuzaa shehena yote inayouzwa kwa jina lake. Kuchora kwa mtindo wake ni halali na kumelisha familia nyingi. Kuandika jina lake ni utapeli.

*Picha ya rangi ya mafuta ukiipapasa ina vinundu. Yangu ina vinundu. Basi ni ya mkono? – Kerege*

Si lazima; siku hizi wanapaka gundi angavu kwa brashi juu ya printi, kwa hiyo imulike tochi kutoka ubavuni, na vinundu vikienda kushoto huku rangi inakwenda kulia, ni mashine. Na acha kuipapasa.

*Nina duka la kuprinti kwenye kanvasi. Wauzaji wanaoniletea kazi wananikataza kuandika "nakala" nyuma, eti bei inashuka. Nifanyeje? – Fundi, Bagamoyo mjini*

Andika. Wakikasirika wakaprinti kwingine.

Bei ikishuka kwa neno moja la kweli, basi tofauti ile ilikuwa fedha ya uongo. Constable, yule Mwingereza wa mashamba na mawingu, alimweka David Lucas achonge mandhari zake, zikatoka kati ya mwaka 1830 na 1832. Alimsumbua mchongaji kwa masahihisho bamba baada ya bamba. Hiyo ilikuwa desturi ya chapa nzuri za wakati ule: chini panaandikwa nani kachora na nani kachonga, na wote wawili wanasimama kifua mbele. Hakuna aliyeona aibu. Nyumba nyingi zilimjua mchoraji kwa chapa tu, wala hazikuwahi kuona picha yenyewe.

Kwa hiyo nyuma ya kila kanvasi weka: jina la mchoraji, mwaka wa kazi ya kwanza na ukubwa wake, jina la duka lako, mwaka wa kuprinti, na ngapi zimetoka. Ukisema zimetoka 50, ya 51 isitoke. Na kazi ya mchoraji aliye hai usiiguse bila karatasi yenye sahihi yake. "Aliniambia kwa simu" haikusaidii mbele ya hakimu, na muuzaji aliyekuletea faili utakuwa humwoni tena.

*Marehemu babu aliacha kadi ya posta ya bandari ya Tanga, ya wakati wa Mjerumani, na ina rangi. Nilidhani zamani hapakuwa na picha za rangi. – Chumbageni, Tanga*

Kwa kadi nyingi za aina hiyo, picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi ikaongezwa wakati wa kuchapa. Fundi alikuwa Ulaya, hajaiona Tanga, akakisia: maji buluu, mitende kijani, mapaa mekundu. Usiitumie kubishana juu ya rangi ya jengo lolote. Geuza nyuma. Kama upande wote umeachwa kwa anwani tu, kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya mwaka 1905, ndipo Ujerumani iliporuhusu ujumbe uandikwe nusu ya kushoto. Soma muhuri wa posta pia, na kilichoandikwa kwa mkono. Huenda maandishi yakawa na habari kuliko picha. Usiilaminishe! Kila mwezi mtu ananiletea kadi aliyoiua hivyo, anauliza kama inaweza kutolewa. Haitoki.

*Nasoma sanaa. Tunalazimishwa kwenda kuchorea ufukweni juani wakati simu ninayo. Faida yake nini? – Mwanafunzi, Bagamoyo*

Simu inakuchagulia mwanga. Kivuli inakiinua, anga inalikoza, na ukirudi chumbani unanakili uamuzi wa mashine. Mwaka 1821 na 1822 Constable alikuwa anatoka Hampstead kuchora mawingu matupu, na nyuma ya karatasi anaandika saa na upepo. Wenzake wa wakati ule walibeba rangi kwenye vibofu vya nguruwe vilivyofungwa uzi, maana tyubu ya bati ilibuniwa na John Rand, Mmarekani, mwaka 1841. Wewe tyubu unayo, na jua la saa kumi na mbili asubuhi halimuunguzi mtu. Nenda maji yakiwa yametoka, majahazi yamelala ubavu, uniambie kivuli kwenye tope lile ni cheusi. Si cheusi.

*Picha zangu zimeota madoa ya kahawia ndani ya kioo. – Mlingotini*

Unyevu. Kioo kimegusana na karatasi, na fremu imegusana na ukuta unaotoa jasho. Fundi akuwekee ukanda wa kadibodi isiyo na asidi kati ya picha na kioo, na vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu hewa ipite. Madoa usiyafute kwa limau, kwa jiki, wala kwa ushauri wa shangazi.

*Je, wewe unanunua picha za zamani? – wengi*

Sinunui, siuzi, na sina wakala. Kuna kijana anapita kwa wazee akisema nimemtuma kukusanya kadi za Mjerumani. Sijamtuma.