Kurudi hoteli ya fungate: tazama bahari kabla ya jengo

Ndugu, umeuliza kama ni busara kumrudisha shemeji katika hoteli ya kifahari ya pwani ya Kunduchi, Dar es Salaam, mlikokula fungate zaidi ya miaka ishirini iliyopita, au ni heri ibaki kumbukumbu. Mimi na mwenzangu tulirudi katika hoteli ya ukanda huohuo baada ya muda kama wenu, na ushauri wangu ni kwamba mrudi, ila mjiandae zaidi kwa mabadiliko ya ufukwe kuliko ya jengo.

Jengo lenyewe halikunipa shida: vyumba vimekarabatiwa, makuti yameezekwa upya, na pweza wa nazi bado anapikwa vizuri. Kilichonigusa moyo ni mchanga. Mahali tulipokuwa tukitembea jioni maji yakiwa yamejaa, leo mawimbi yanapiga ukuta wa mawe. Bahari imekuwa ikiila pwani hii kwa miongo mingi, na mkono wa binadamu umo: mchanga ulichimbwa katika mito inayoulisha ufukwe, mikoko ikakatwa, na uvuvi wa baruti ukavunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya mawimbi. Wenyeji wa zamani wanaikumbuka Hoteli ya Africana, ambayo hatimaye ilihamwa kwa sababu ya mmomonyoko huo. Kwa hiyo mkiukuta ukuta, msiuone kuwa ni ubaya wa wenye hoteli, kwani bila kinga ya namna hiyo huenda msingepata pa kurudi. Hata hivyo, ninaamini kwamba kila hoteli kujijengea kinga yake peke yake si dawa, kwa maana matuta ya mawe yanayonasa mchanga kwa mmoja humnyima jirani yake.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi wanapoweka nafasi ni hali ya mwezi wa angani, nami nalipa uzito kuliko idadi ya nyota za hoteli. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hapa Dar es Salaam hupita mita tatu. Maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mkifika siku hizo, asubuhi mtatembea juu ya mchanga mwingi unaofanana na ule wa zamani, na alasiri mtaogelea bila kufuata maji mbali. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, ufukwe haufunuki kiasi hicho. Epukeni pia masika, kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mito huchafua maji. Mimi napenda Julai hadi Septemba, ingawa upepo wa kusi huvuma.

Tengeni pia siku moja ya kuvuka kwa boti hadi Mbudya, kisiwa kilicho katika hifadhi ya bahari tangu 1975. Huko shemeji atapata mchanga mweupe na maji maangavu kama aliyoyaacha, mradi muwahi kabla ya umati wa Jumapili. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yapo karibu na mnaweza kuyapitia siku ya kuondoka.

Chumba ombeni cha ghorofa ya juu upande wa bahari, maana katika hoteli tuliyofikia sisi, vya chini vinatazama ukuta.