Muulize Somo: "Nikiamkia shikamoo nyumba nzima yacheka"

Shikamoo Somo. Mimi nimezaliwa Siaya, nikaja Mombasa kutafuta kazi nikapata mume hapa hapa, nikasilimu tukaoana na sasa tunakaa na watu wake huku Mji wa Kale. Shida yangu ni ulimi. Sauti ya sh hainitoki, inatoka s. Nikiandika naandika sawa lakini nikiongea ni samba, sati, sauri. Kila asubuhi nikimwamkia mavyaa nasema sikamoo, mawifi wanaitikia huku wanacheka, na watoto wa nyumbani washanipa jina, Bi Sikamoo. Mavyaa anasema watu wa bara ndivyo walivyo, lugha wanaivunja na adabu hawana. Mume wangu anasema nisijali, ni utani tu. Nilikua navumilia lakini juzi mtoto wangu wa miaka sita ameniambia nisiende kikao cha wazazi shuleni, aende baba, kwa sababu "mama hajui Kiswahili". Nililia Somo. Kuna dawa ya ulimi ama nikae kimya tu?
*Mke wa Mji wa Kale*

Marahaba mwanangu, marahaba mara mia, na hio shikamoo yako nimeipokea vile ilivyo.

Nianze na mumeo maana yeye ndie alokosea zaidi. Utani twaujua sisi watu wa pwani, una wenyewe na una kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kuwa mtani hujibiwa. Ukinitania nami nakutania, tukiachana kila mtu ana lake. Sasa wewe kesho ukisimama ukumbini ukamcheka mavyaa yako vile azungumzavyo Kiingereza, ama ukamcheka wifi, utaambiwaje? Utaambiwa huna adabu. Basi mchezo wa kurusha mawe upande mmoja tu usiitwe utani, na mume anaemuona mkewe akirushiwa akamwambia "usijali" amemuacha peke yake mlangoni.

Kuhusu ulimi, dawa haipo kwa sababu ugonjwa haupo. Dholuo, lugha ya kwenu, haina sauti ya sh, ndio hadithi nzima. Mtoto kabla hajatimiza mwaka masikio yake yashaanza kushika sauti za nyumbani kwao na kuziachia zile zisizotumika, na wewe za kwenu zilikua za Siaya. Mkikuyu l na r zamchanganya kwa kuwa kwao kuna r bila l, Mkamba ni kinyume chake, na hakuna hata mmoja alokaa chini akaamua kuharibu lugha ya mtu. Na sisi je? Mwarabu akisema qalam sisi twasema kalamu, ile qaf ya kooni tumeiacha huko huko, 'ilm tukaifanya elimu, al-'asr ikawa alasiri. Maneno ya watu tumeyapinda mamia kwa mamia yakaingia vinywani mwetu vizuri kabisa na hakuna alokuja Kibokoni akatwambia hatuna adabu.

Na kuna jambo nataka ulijue, ulibebe kichwani kila wakicheka. Mavyaa yako kama ni mtu wa Mji wa Kale hasa, nyumbani hasemi njoo, asema ndoo. Hasemi macho, asema mato. Nchi kwake ni nti, mchele ni mtele, mchuzi ni mtuzi. Hiki ni Kimvita, lugha alotungia mashairi Muyaka bin Haji miaka mia mbili ilopita, tena ndicho yule mmishonari Krapf alichokiandika kwa wingi kwenye kamusi yake ilotoka 1882. Halafu mwaka 1928 ukafanywa mkutano, tena papa hapa Mombasa, wakubwa wa serikali za kikoloni wakachagua Kiunguja kiwe ndio msingi wa Kiswahili cha vitabu na mashule, Kimvita kikabaki uani. Mimi nilisimamishwa mbele ya darasa kwa kuandika "mtele" kwenye insha, mwalimu akasema hicho si Kiswahili, wenzangu wakacheka, na nilikua naandika neno alolitumia mamaangu asubuhi ile akichambua huo mtele. Mpaka leo nikilikumbuka uso wanipata moto. Kwa hivyo sielewi vipi mtu wa Mombasa, alofanyiwa haya ndani ya mji wake, amfanyie mgeni alomleta mwenyewe kwa posa na mahari.

Sikiliza na hili. Hio t ya mato si t ya tatu. Kwenye mato ulimi wagusa meno, kwenye tatu wapanda juu kidogo kwenye ufizi, na mtu alofunzwa Kiswahili cha Nairobi hazitenganishi, azitamka sawa zote. Lakini Dholuo inazo t mbili hizo hizo, ile ya menoni mwaiandika th, kama kwenye nyathi, mtoto. Yaani wewe unaechekwa ndie mwenye ulimi wa kutamka mato ya mavyaa yako sawasawa kushinda wengi waliokulia bara na hata vijana wa hapa mjini wa siku hizi ambao washaiacha.

Basi fanya hivi. Mwambie mumeo kwa utulivu, nyie wawili, kisa cha mtoto kama ulivyoniandikia mimi, usipunguze. Yeye ndie wa kuzungumza na dada zake, si wewe. Na mavyaa mwendee peke yake, usingoje siku ya watu wengi, mkae jikoni mkikuna nazi umwambie "mama nifundishe Kimvita chako, nti na mato na ndia", nadhani utamuona mtu mwengine kabisa maana hao wazee wetu hawaulizwi tena hayo maneno hata na wajukuu wao. Na mtoto umfunze Dholuo. Mfunze leo, amosi, oyawore, nyathi, amwamkie bibi yake wa Siaya kwa simu, umuache asikie vile mamake azungumzapo lugha yake bila kukwama. Na kikaoni nenda mwanangu. Nenda ukae mbele.

---

Somo mambo. Mimi ni kijana wa Kwale nafanya kazi ofisi moja Nairobi. Nikifungua mdomo tu wananiiga, "pole pole bwana", wakijua natoka pwani wanauliza kama nimelala vizuri, wengine wananiuliza majini. Kwa kikao bosi alisema mbele ya watu kazi ya haraka asipewe mpwani. Alafu hao hao wananiambia "ongea tena Kiswahili chenu kitamu". Nimeanza kuongea Sheng kwa lazima. Nibadilishe tu lafudhi yaishe?
*Mdigo wa Nairobi*

Sheng kama waipenda izungumze mwanangu, ni lugha ya vijana na ina raha yake. Kama waizungumza kwa kuogopa, utachoka kabla ya mwaka kwisha kwa sababu utakua kazini mara mbili, kazi ya mshahara na kazi ya kujificha. Na hao wa "ongea tena" usidhani ni afadhali. Mtu akikusifu Kiswahili ilhali hasikilizi ulichosema amekufanya kinanda.

Hili neno uvivu lina historia yake, ijue ili ukiambiwa usiinamishe kichwa. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907, na baada ya hapo wenye mashamba makubwa na maofisa wa Kiingereza wakawa wanalia kwamba watu wa pwani hawataki kazi ya kibarua. Mtu alikua na minazi yake, ana kishamba chake cha muhogo, ana ngalawa, kwa nini aende kuvunja mgongo kwenye shamba la mwengine kwa ujira mdogo? Kukataa huko ndiko kulikoitwa uvivu. Wagiriama walipotakiwa kwa nguvu watoe vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya Wazungu, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa kwao, akawalisha kiapo wasikubali, akakamatwa 1913 akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka akarudi kwao kwa miguu, na 1914 vita vikalipuka. Huyo ni mvivu? Na yule mvuvi anaepigwa picha na watalii saa nne asubuhi amelala chini ya mkungu, waulize waliompiga kama wajua aliingia baharini saa ngapi. Mgema apanda mnazi kabla jua halijatoka na apanda tena jioni, kila siku ya Mungu, Ijumaa na Jumapili.

Kwa bosi wako usibishane. Andika tarehe, maneno aloyasema na nani walikuwepo. Katiba ya 2010 kifungu cha 27 imekataza kubagua mtu kwa kabila, utamaduni au lugha, na Sheria ya Ajira ya 2007 yasema hivyo hivyo kuhusu kazini. Akirudia upeleke maandishi kwa wanaosimamia wafanyikazi, ukiwa nayo mkononi hutaambiwa umesikia vibaya.

---

Somo, mimi nina nyumba za kupangisha Mtopanga. Nikipigiwa simu nikisikia lafudhi ya bara huwa nasema imeshachukuliwa. Si chuki, kuna mpangaji wa bara alitoroka na kodi yangu ya miezi mitatu. Juma lililopita kapiga dada mmoja nesi, aliposema ataka kuhama "halaka" nikajua huyu Mkamba, nikamwambia hakuna. Mke wangu kaniambia nimefanya dhambi, tumegombana. Nani yuko sawa?
*Baba Mwenye Nyumba*

Mkeo.

Pole kwa kodi yako, hasara ni hasara na miezi mitatu ni pesa. Lakini nikuulize, hakuna mtu wa Kisauni ama wa Malindi alowahi kukutoroka ama kukuzungusha? Yupo, na huyo ulimhesabu ni yeye, fulani bin fulani. Yule wa bara ukamhesabu ni bara nzima. Angalia hapo tu, hapo ndipo penye ugomvi wako na mkeo.

Marekani kuna mtaalamu wa lugha anaitwa John Baugh, mtu mweusi, yeye alipokua akitafuta nyumba kwa simu aliambiwa iko wazi, akifika waone uso wake imechukuliwa. Basi akafanya utafiti na wenzake wakautoa mwaka 1999, yeye mwenyewe akawa apigia wenye nyumba kwa lafudhi tatu tofauti, ya Kizungu, ya weusi na ya watu wenye asili ya Mexico. Mtu mmoja, maneno mamoja. Kwenye mitaa ya wazungu ile lafudhi ya kizungu ndio ilofunguliwa milango, zile nyengine zikafungiwa. Neno la kwanza tu, "hello", lilitosha watu kujua. Sasa wewe umefanya kwa "halaka" na hukuhitaji hata utafiti.

Sikuambii wewe ni mtu mbaya. Nakwambia mlango huu wafunguka kuelekea wapi. Kwenye Biblia, Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walikaa kwenye vivuko vya Yordani, kila anaetaka kuvuka aambiwa sema Shibolethi, akisema Sibolethi achinjwa, wakafa Waefraimu 42,000 kwa sababu ya sh. Na si mbali huko. Agosti 1997 hapa Likoni vilitapakaa vipeperushi vya kuwaambia watu wa bara waondoke, nyumba zikachomwa, watu wakauliwa, maelfu wakakimbilia kanisa la Katoliki la Likoni na watoto na magodoro. Sisi tuliokua wakubwa wakati ule twakumbuka ilivyokua kabla, maneno madogo madogo ya "hawa wa bara" yalivyokua yakitembea mabarazani, na wengi wetu tulikaa tukisikiliza.

Linda mali yako kwa njia ya haki. Taka kodi ya mwezi mmoja iwe amana, taka kopi ya kitambulisho na barua ya kazini, andikianeni mkataba, na yawe hayo hayo kwa Mmvita, kwa Mgiriama, kwa Mkamba, kwa kila mtu.

Yule nesi namba yake bado iko kwa simu yako, juma moja tu limepita. Mpigie leo kabla ya Magharibi, mwambie nyumba ipo, na umwambie ukweli kuwa siku ile ilikuwepo.