Taulo limefuliwa, limeanikwa, na bado lina uvundo

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepanga Kigamboni, na maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi. Mataulo yetu nayafua kila Jumamosi kwa sabuni ya unga ya kutosha, halafu naweka dawa ya kulainisha nguo ili yanukie. Yakikauka hayana shida, lakini mtu akishajifutia mara moja tu uvundo unarudi, utadhani tambara la deki. Yamekuwa magumu na hayanyonyi maji. Kapeti la bafuni, lile lenye mpira chini, nalo limeota madoa meusi. Nimeambiwa nichanganye siki na magadi. Nifanyeje? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Nimesimamia chumba cha kufulia cha hoteli ya ufukweni miaka mingi, na kwa maelezo yako nadhani tatizo si uvivu wa kufua. Unafua sana, ila taulo halisuuziki na halikauki.

Harufu inayorudi taulo likilowa maana yake vijidudu havikutoka, vilikuwa vimelala. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja mmojawapo, bakteria aitwaye Moraxella osloensis, kuwa ndiye chanzo kikubwa cha uvundo wa nguo zilizofuliwa. Anavumilia kukauka, na chakula chake ni jasho na mafuta ya mwili yaliyobaki kwenye nyuzi. Akipata unyevu tu, anaanza kazi.

Sasa tazama maji yako. Maji ya kisima hayatoi povu upesi, kwa hiyo mtu anaongeza sabuni, na sabuni ile inagandia kwenye nyuzi. Juu yake unapaka dawa ya kulainisha, ambayo kazi yake ni kuacha utando wa mafuta kwenye kitambaa. Kwa shati sawa. Kwa taulo ni kama kulivika koti la mvua: halinyonyi maji, na uchafu unabaki chini ya utando huo.

Halafu kuna chumvi yenyewe. Acha kisahani cha chumvi mezani usiku mmoja wa masika uone asubuhi kimelowa. Taulo lililosuuzwa kwa maji ya chumvi linafanya vivyo hivyo: linavuta unyevu hewani hata likiwa limekaa kabatini. Kwa hiyo kama una fedha ya ndoo moja tu ya maji matamu, ya bomba au uliyokinga mvua ikinyesha, usiyafulie. Yaweke kwa maji ya mwisho ya kusuuza.

Kuhusu siki na magadi pamoja, hapana. Povu lile linafurahisha macho tu. Siki ni asidi, magadi ni kinyume chake, vikikutana vinauana na unabaki na maji ya chumvi, ambayo tayari unayo kisima kizima. Kila kimoja kina zamu yake.

Magadi ninayosema ni yale ya mawe, ya kupikia maharage. Yayeyushe kijiko kimoja kikubwa kwenye ndoo ya maji ya kisima, chuja mchanga kwa kitambaa, acha maji yatulie. Ukiona kama unga mweupe umezama chini, hiyo ni chokaa inayoua povu. Mimina maji ya juu, ndiyo ya kufulia. Chumvi haitoki kwa njia hii, lakini sabuni itafanya kazi vizuri na utatumia kidogo.

Joto ndilo linalosaidia zaidi. Huna mashine ya kuweka nyuzi 60, basi chemsha sufuria ya maji hadi yatokote, changanya na kiasi hichohicho cha maji ya kawaida. Utapata karibu nyuzi 60. Usitie mkono! Geuza mataulo kwa mti, funika beseni, ondoka kwa nusu saa, kisha fua kama kawaida na suuza hadi maji yasiwe na utelezi. Ndipo siki inapoingia: kikombe kimoja cha siki nyeupe kwenye ndoo ya maji, loweka nusu saa, inayeyusha mabaki ya sabuni na chokaa. Malizia na maji matamu. Huenda ukarudia mara mbili au tatu kabla taulo la zamani halijaanza kunyonya tena. Dawa ya kulainisha wape mashuka.

Jiki ni ya mataulo meupe ya pamba peke yake, na baada ya kufua, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu. Ile ya asilimia 3.5, zaidi kidogo ya nusu kikombe cha chai kwa lita 10 za maji inatosha kwa nusu saa. Maji ya kisima chako yakiwa na kutu, jiki itayageuza mataulo manjano, hivyo jaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Na isikutane kamwe na siki wala dawa ya kusugulia choo yenye asidi: inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hizi za dirisha dogo si mahali pa kuivuta.

Kuanika: likung'ute kwa nguvu kabla ya kulitundika, ugumu utapungua. Tandaza, usilikunje mara mbili kwenye kamba. Anua alasiri likiwa na joto, usingoje umande. Na baada ya kuoga, taulo litoke bafuni. Msumari nyuma ya mlango wa choo ndio mahali pabaya kuliko pote. Likitumika mara tatu au nne, lifuliwe.

Kapeti lenye mpira halitaki maji ya moto wala jiki, mpira unapasuka. Kama madoa meusi yameingia kwenye mpira wenyewe, lisamehe, litupe. Badala yake kunja taulo kuukuu, liweke nje ya mlango wa bafu. Hilo unaweza kulichemsha kila wiki. Wa mwisho kuoga alitundike. Mwenye fangasi za vidoleni asilikanyage kabisa, avae malapa hadi apone.

Kila mtoto awe na taulo lake, lenye rangi yake. Upele, fangasi na macho mekundu vyote vinapita kwenye taulo la kuchangia; mnakumbuka mwaka 2024 macho yale yalivyozagaa Dar, nyumba nzima inaamka na matongo.

Ukienda kununua jingine, usishawishike na lile nene kama godoro. Lilitengenezwa kwa mtu mwenye mashine ya kukaushia. Chukua jepesi, au kikoi, ambacho kwa upepo wa bahari kinakauka kabla hujamaliza chai. Kwangu nyumbani taulo nene lipo moja, la wageni.