Sheka yangu ina EPNS chini, ni fedha kweli?

SWALI: Habari za kazi, mimi nimeanza kukusanya vyombo vya zamani vya baa, juzi nimepata sheka ya vipande vitatu, kile chombo cha kutikisia kokteli, chini imegongwa EPNS, aliyeniuzia akasema ni fedha tupu na ni ya kabla ya vita kuu ya pili. Nitajuaje kama kweli? Halafu nikiisugua ing'ae si ndo itapanda bei?

JIBU: Hapana ndugu yangu, sio fedha tupu. EPNS ni aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha kwa umeme, ngozi nyembamba tu, wakati fedha ya sterling inatakiwa iwe na sehemu 925 kwa 1000 na huwa na mhuri wake. Ndo maana nakuomba sana uweke chini hiyo dawa ya kusugulia, kila ukisugua unaondoka na fedha kidogo, na ile njano njano ya chini ikishaanza kuchungulia thamani imeshuka. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa vinatosha.

Vipande vitatu navyo havithibitishi umri, maana sheka yenye kichujio ndani ya kifuniko Edward Hauck wa Brooklyn aliipatia hataza 1884 na mpaka leo zinatengenezwa hivyohivyo. Angalia umbo. Mimi nazipenda mno za miaka ya 1930, Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe tangu 1920, ilipoiruhusu tena 1933 viwanda vya shaba vikamwaga sheka za kromu, bei nafuu na hazipigi weusi kama fedha, na wabunifu wakubwa kabisa wakaingia humo. Norman Bel Geddes akaichorea kampuni ya Revere ile Manhattan, ndefu, nyembamba, ina mistari ya wima kama ghorofa refu, na 1936 kampuni ya Napier wakatoa yenye umbo la ndege pengwini, kinywaji kinatokea mdomoni mwake, aisee ukiishika hutaki kuiachia! Vita vilipokuja metali ikaenda kwenye silaha.

Kabla hujanunua nyingine hakikisha kile kikofia kidogo cha juu ni chake, hupotea kirahisi na watu hubandika cha sheka nyingine. Chungulia na ndani pia, kama mpako umechubuka shaba ikaonekana basi iwe ya kabatini tu, usichanganyie kinywaji chenye ndimu humo.