Kwa kijana anayeanza kazi chini ya tajiri mkali

Nimefanya kazi miaka minne katika kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti eneo la Kizota, Dodoma, ambako mwenye mali ndiye meneja, ndiye mhasibu na ndiye mshika ufunguo wa stoo. Ninawaandikia mnaoingia katika kampuni za namna hiyo, kwa sababu huko hakuna ofisi ya utumishi ya kupelekea malalamiko, na mtu mmoja akiamka vibaya, siku ya watu wote imeharibika.

Nilichelewa kuelewa kwamba hasira za tajiri wetu zilikuwa na msimu. Wakati wa mavuno alitoa fedha taslimu kila siku kununua mbegu za wakulima wa Kongwa na Singida, huku mafuta yenyewe yakiwa bado hayajauzwa. Simtetei, maana matusi ni matusi, lakini nilipotambua hilo niliacha kupeleka ombi la ruhusa au nyongeza magunia yakiwa bado yanashushwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimbishia kwenye mizani mbele ya wateja. Uzito alioutaja haukuwa sahihi, na bado naamini hivyo; hata hivyo nilikuwa nimemwaibisha mbele za watu, na mwezi mzima uliofuata nilipangiwa kufungasha mashudu. Tangu hapo nilisubiri jioni, wateja wakishaondoka, nikamwambia, "Mzee, naomba dakika tano," na mara nyingi alinisikiliza.

Kilichoniokoa zaidi ni daftari. Kila dumu la lita 20 lililotoka stoo niliandika tarehe, saa, aliyelichukua na aliyeniagiza, hata kama aliyeniagiza ni tajiri mwenyewe. Siku moja madumu matatu hayakuonekana, akatangaza kwamba yatakatwa kwenye mshahara wangu. Jioni nilimfungulia ukurasa: yalichukuliwa na shemeji yake Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa agizo la tajiri mwenyewe kwa simu. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kisha akanirudishia daftari bila neno. Hakuomba radhi, nami sikungoja aombe. Ila wiki iliyofuata alikuja na kaunta buku jipya akaniambia niendelee kuandika humo.

Hata kama nisingekuwa na daftari, hakuwa na haki ya kukata tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo na kiasi cha hasara anayokudai, akupe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Isomeni mapema, pamoja na maelezo ya kazi mnayostahili kupewa kwa maandishi, kwa kuwa aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

Ukiachishwa, hesabu siku. Shauri la kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Mwenzangu mmoja alikaa nyumbani Nkuhungu miezi miwili akitumaini tajiri atapoa na kumwita. Alipofika Tume, ilimbidi kwanza aombe kuongezewa muda, kabla hata hajaulizwa alifukuzwa kwa sababu gani.