Engrenages: nilichokipenda na kilichoniuma baada ya misimu yote 8

Mleta mada ameuliza kama hii tamthilia ya Kifaransa inafaa kutafutwa na kuangaliwa yote. Mmoja kamwambia hakuna ya kipolisi inayoifikia, mwingine kamwambia ni maiti na watu walionuna mwanzo mwisho. Mkuu, wote wawili wamekwambia kweli. Nimeiangalia yote, vipindi 86, na msimu wa 3 na wa 5 nimerudia. Nitajibu kwa kirefu maana kazi hii ilinigusa mahali ambapo tamthilia nyingine hazinifikii. Nani anakufa sitasema.

Nianze na mimi nimeingiaje. Kabla ya kuja Ufaransa nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya huko nyumbani Tanzania, miaka saba. Kazi yangu ilikuwa majalada: kuyafungua, kuyapanga, kuyapeleka mezani kwa hakimu, kuyarudisha masijala. Ile sentensi ya "upelelezi haujakamilika" nilikuwa naanza kuiandika kabla mwendesha mashtaka hajaimaliza. Nilipofika huku nilipanga chumba Pantin, kaskazini mashariki mwa Paris, kwa mama mmoja wa Bukavu, Kongo. Kifaransa changu kilikuwa cha darasani. Mama huyo ndiye aliyeniwekea Engrenages, akawa anasimamisha picha na kunifafanulia kwa Kiswahili cha kwao: "Mwanangu, hapa huyo ameongea verlan." Verlan ni lugha ya mtaani ya kugeuza silabi, kama kinyume tulichokuwa tunaongea utotoni ili wakubwa wasituelewe. Flic, yaani polisi, inakuwa keuf. Femme inakuwa meuf. Tamthilia nzima watu wanaongea hivyo, haraka haraka na kwa kukatishana. Kwa hiyo ukiipata iliyotiwa sauti za lugha nyingine, iache. Tafuta yenye sauti za Kifaransa na maandishi chini.

Sasa yenyewe. Ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Canal+ Desemba 2005 na kumalizika 2020. Waingereza wanaijua kwa jina la Spiral. Engrenages kwa Kifaransa ni meno ya magurudumu yanayoumana ndani ya mashine: kidole kikinaswa, mkono mzima unafuata. Alexandra Clert, aliyeianzisha, alikuwa wakili wa jinai kabla hajawa mwandishi, na hilo unaliona tangu mwanzo. Maiti inapookotwa kamera haibaki kwa polisi peke yao. Kuna kapteni Laure Berthaud na vijana wake wawili, Gilou na Tintin. Kuna Pierre Clément wa ofisi ya mwendesha mashtaka. Kuna jaji François Roban. Kuna wakili Joséphine Karlsson, mwanamke mwenye akili kali na njaa ya pesa. Jalada ni moja, na kila mmoja analivuta kwake.

Hapo ndipo penye utamu wake mkubwa, na kwa mtu aliyekulia kwenye mfumo tuliorithi kwa Mwingereza panahitaji maelezo kidogo. Kwetu polisi anapeleleza, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, hakimu analisubiri mahakamani. Ufaransa, kesi ikiwa nzito, anateuliwa juge d'instruction, jaji ambaye yeye mwenyewe ndiye anayeongoza upelelezi. Polisi wanafanya kazi kwa hati yake. Anaagiza upekuzi, anaita watu ofisini kwake na kuwahoji karani akiwa pembeni anaandika, na sheria inamtaka atafute ushahidi wa kumtia mtu hatiani na wa kumwokoa kwa uzito uleule. Mamlaka makubwa sana kwa mtu mmoja. Mwaka 2009 rais Sarkozy alipendekeza nafasi hiyo ifutwe. Haikufutwa, lakini msimu wa 3 ulitoka 2010 wazo hilo likiwa bado linazungumzwa, na ukimtazama Roban unamwona mtu anayejua kuwa kiti chake kinatikiswa.

Roban ndiye niliyempenda kuliko wote. Philippe Duclos anamcheza kwa sauti ya chini, suti ileile, mgongo umepinda kidogo, haangalii saa. Katika msimu huo wa 3 anaanza na kesi ambayo karani yeyote angeiweka chini kabisa ya lundo: mtoto ameumwa na mbwa. Anaifuata hatua kwa hatua, karatasi baada ya karatasi, mpaka anajikuta yuko mlangoni kwa meya. Hakuna risasi wala gari linalokimbizana na jingine. Nilikaa usiku ule nikawakumbuka mahakimu wawili watatu niliowafanyia kazi, waliokuwa wanasoma jalada mpaka ukurasa wa mwisho wakati wenzao wameshaondoka. Sijaona tamthilia nyingine iliyoipa heshima kazi hiyo.

Nguvu ya pili ni kwamba matendo hayasahauliki. Mwisho wa msimu wa 3 Laure anafanya jambo, utalifika mwenyewe, na msimu wa 4 unafunguka akilijibu. Uongo aliouandika kwenye ripoti unarudi baada ya vipindi kumi kumdai. Tintin, aliye mnyoofu kuliko wenzake wote, analipia makosa ya marafiki zake mwaka hadi mwaka, na uso wa Fred Bianconi, anayemcheza, unabadilika taratibu mpaka unamhurumia kama ndugu yako. Pierre Clément anaivua joho ya serikali na kwenda upande wa utetezi, na ghafla vifungu vilevile alivyokuwa anavitumia kufunga watu anavitumia kuwatoa.

Hata sheria yenyewe inakua humo ndani. Misimu ya mwanzo, mtu akikamatwa na kuwekwa garde à vue, yaani mahabusu ya polisi ya saa 24 inayoweza kuongezwa, wakili anapewa nusu saa ya kuongea naye halafu anatoka nje, mahojiano yanaendelea bila yeye. Aprili 2011 Ufaransa ilibadilisha sheria, wakili akaruhusiwa kukaa chumbani wakati mteja wake anahojiwa. Ukiweka msimu wa 2 na wa 5 sambamba unaona polisi wanavyokereka na huyo mtu mpya aliyekaa kwenye kiti cha pembeni.

Msimu wa 5 ndio kilele kwangu. Ulipewa tuzo ya Emmy ya kimataifa ya tamthilia bora mwaka 2015, na uliistahili. Ulianza Novemba 2014 na maiti za mama na binti yake mdogo kwenye mfereji wa Ourcq, wamefungwa pamoja. Mfereji huo unapita Pantin. Nilikuwa napita kando yake kila alfajiri kwenda kazini, ukungu umelala juu ya maji. Wiki zile nilibadilisha njia. Hiyo ndiyo Paris yao: vituo vya polisi vyenye rangi iliyobanduka, maegesho ya chini ya ardhi, mvua ya Novemba. Mnara wa Eiffel usiutafute.

Sasa kilichoniuma, na hapa sitapunguza maneno.

Laure na Gilou wanapiga watuhumiwa. Wanatishia, wanaficha vitu, wanaandika ambacho hakikutokea. Tamthilia haisemi kuwa ni sawa, na wakubwa wao wanawafokea. Lakini sisi watazamaji tumeshaonyeshwa mapema kwamba aliyekamatwa ndiye mwenyewe, au anajua. Kofi linapompata tunashusha pumzi kwamba sasa atasema, na kweli anasema, na anachosema kinakuwa kweli. Msimu baada ya msimu kipigo kinaleta jibu sahihi. Huu ni uongo, wakuu, na ni uongo wenye madhara.

Nasema hivi kwa sababu nililishika jalada la kijana mmoja wa miaka kumi na tisa, kesi ya uvunjaji. Maelezo yake ya onyo, yaani aliyoandikishwa polisi, yalikuwa yamenyooka kama insha ya shule, na dole gumba lake chini. Kizimbani akasema hayakuwa maneno yake. Hakimu akasimamisha kesi kwanza kuchunguza kama yalitolewa kwa hiari, na kijana akavua shati. Mimi ndiye niliyekuwa naandika mwenendo siku ile. Maelezo yalikataliwa, na upande wa mashtaka haukuwa na kingine cha maana. Kijana aliachiwa. Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita, na mwenye nyumba iliyovunjwa hakumjua mwizi wake mpaka leo. Kipigo kile kilimnyima haki kila mtu aliyekuwa mle chumbani. Engrenages, yenye akili kubwa hivyo kuhusu sheria, ingeweza kutuonyesha hata mara moja tu mtu aliyekiri kwa maumivu jambo ambalo hakulifanya. Niliingoja miaka, na kila Gilou alipofunga mlango wa chumba cha mahojiano nilikuwa najua jibu litatoka.

La pili ni maiti za wanawake. Msimu wa 1 unafungua na mwili wa msichana wa Kirumania ulioharibiwa uso, na kamera inakaa pale zaidi ya inavyohitajika. Msimu wa 3 ni muuaji wa wanawake. Mwandishi ni mwanamke na kapteni ni mwanamke, hilo nalitambua, na Laure ni mhusika aliyeandikwa kwa kina: tazama anavyohangaika na umama kuanzia msimu wa 5, bila kupambwa. Lakini miili ya hao wengine inaingia kama mlango wa hadithi tu, na majina yao yanasahaulika kabla ya kipindi cha tatu.

Linalofanana na hilo: wahalifu karibu kila mara ni wageni au watoto wa wageni. Warumania, vijana wenye asili ya Maghreb, yaani Afrika Kaskazini, Wachina wa wilaya ya 13 ya Paris katika msimu wa 7. Ninaishi kwenye mitaa hiyo. Mama yangu wa Bukavu alikuwa akiona kijana mweusi anaingia kwenye picha anasema, "Huyu naye atakamatwa." Alikosea mara chache. Msimu wa 8 ulijaribu kurekebisha, na kwa haki nausifu: unawafuata watoto wa Morocco wanaoishi bila wazazi mitaani Barbès, jambo ambalo lipo kweli, na mmoja wao, Souleymane, anapewa nafasi ya kuwa mtoto. Ila msimu huohuo hauna Roban, amestaafu, na bila yeye mizani inalegea. Jaji mpya hakupewa muda wa kutosha, na hadithi ikahamia kwenye mapenzi ya wahusika wakuu wawili ambayo mimi sikuyahitaji.

Mengine ni madogo. Kesi zote kubwa za Paris zinaangukia timu moja, na kila mtuhumiwa mwishowe anamwajiri Joséphine. Utazoea.

Kwa hiyo mleta mada, itafute, na uanzie msimu wa 1 hata kama utaambiwa uuruke. Ni dhaifu, picha zake zimezeeka, lakini ndipo urafiki wa Laure, Gilou na Tintin unapozaliwa. Ni vipindi 8 tu, na wa 2 ni 8 vilevile. Usiangalie watoto wakiwa sebuleni. Usiangalie vitatu kwa usiku mmoja pia, inachosha roho. Ukimaliza wa 3 rudi hapa kwenye uzi uniambie kuhusu kile alichokifanya Laure: kama ungekuwa Roban na jalada liko mezani kwako, ungelifanya nini?